Bomba Fupi, Ndoo Ndefu

Nyumba nyingi zinazojengwa siku hizi Kayanga na Omurushaka wilayani Karagwe, na hata Nkwenda na Isingiro upande wa Kyerwa, zina majiko mawili. La kwanza liko ndani, lina vigae, kabati na sinki linalong'aa. La pili liko uani, lina mafiga, moshi na mama mwenye nyumba. Ndizi hupikwa huko uani. Sinki la ndani kazi yake ni vikombe vya wageni, mpaka siku mama anapochoka kuzunguka na ndoo kwenye tenki huku mvua inamnyeshea. Hapo ndipo anapokumbuka kwamba maji anayo ndani, hatua chache kutoka kwenye sufuria, na kinachomkwamisha ni bomba. Ni fupi, limeinamia ukingo wa sinki, na ndoo ya lita 20 haikai chini yake hata ukiilaza ubavu.

Shida hiyo mimi niliijua nikiwa nyuma ya kaunta. Miaka ya ujana wangu niliuza katika duka la vifaa vya ujenzi la mjomba, pale Omurushaka kwenye njia panda ya kwenda Nkwenda mpaka Murongo, mpakani na Uganda. Kwa hiyo wateja wetu walikuwa wa wilaya zote mbili, ingawa wazee walikuwa bado wanasema Karagwe wakimaanisha kote, kana kwamba Kyerwa haikugawanywa ikawa wilaya yake mwaka 2012. Tuliuza misumari, saruji, mabati, rangi, na kwenye rafu ya nyuma vitu vya fundi bomba: soketi, elbo, koki, washa za kila ukubwa ndani ya kopo la maziwa.

Virefusho vya bomba, vile vya kufungwa mdomoni mwa bomba fupi ili maji yafike mbali zaidi, vilipofika mara ya kwanza vilikuja ndani ya boksi moja, vimefungwa kimoja kimoja kwenye nailoni. Mjomba alikining'iniza kimoja mbele ya kaunta, kile chenye magoti mawili kinachozunguka pande zote kama mkono wa roboti, na kila aliyeingia alikigusa. Walikizungusha juu, chini, kushoto, halafu wakauliza bei ya misumari. Wanunuzi hasa walikuja baadaye, na walikuja na simu. "Binti, nataka kama hiki," mtu ananyoosha picha aliyotumiwa na mwanawe aliyeko Dar es Salaam. Katika picha maji yanatoka meupe kwa povu, mazito, yanapiga karoti nyekundu kama manyunyu ya bafuni hotelini. Nilichojifunza upesi ni kuacha ile picha na kuuliza swali moja: tenki lako limekaa wapi?

Wengine waliona nawapeleleza. Lakini huko ndiko kunakoanzia kila kitu, na ndiyo sababu nasema kirefusho kichaguliwe kwa kuanzia juu ya nyumba, kishuke taratibu hadi kwenye sinki. Anayeanzia dukani ameruka nusu ya safari.

Kwetu maji ya jikoni mengi ni ya mvua. Tuna misimu miwili, vuli na masika, na katikati yake, Juni hadi Agosti, kuna kiangazi kinachokausha hata migomba. Nilikulia Nkwenda wakati maji yakichotwa bondeni, na ukipanda na dumu kichwani asubuhi kabla ya shule unajua uzito wa lita 20 kwa shingo yako. Mabati yalipoenea, matenki yakafuata: ya plastiki yaliyosimama pembeni ya nyumba, na mengine ya kujengwa ardhini. Shirika la MAVUNO la huko Karagwe limejenga mengi ya namna hiyo kwa ajili ya kuhifadhi maji ya mvua, likishirikiana na wahandisi wa kujitolea kutoka Ujerumani. Tenki la ardhini ni neema, ila bomba la jikoni haliwezi kunywa kutoka humo bila pampu. Na tenki la plastiki watu wengi huliweka juu ya tabaka chache za matofali, kiasi cha ndoo kuingia chini ya koki yake, basi.

Sasa hesabu. Maji yaliyosimama mita 10 juu ya bomba yanasukuma kwa nguvu ya baa 1. Yakisimama mita 2, ni moja ya tano ya hiyo. Na vile vichujio vyenye wavu vinavyowekwa mdomoni mwa kirefusho, vinavyochanganya maji na hewa ili yatoke meupe, vimetengenezwa kwa mabomba ya mijini yenye baa 1 kwenda juu. Maji ya tenki fupi yakifika pale yanakuta mlango mwembamba na hayana nguvu ya kuusukuma.

Shangazi yangu aliyebaki Nkwenda aliletewa kirefusho na kijana wake, kizuri kweli, cha kubadilisha kutoka mkondo mmoja kuwa manyunyu. Nilipokwenda kumsalimia alinishika mkono akanipeleka moja kwa moja jikoni kabla hata sijakaa. Akafungua bomba.

"Umeona? Hiki kitu kinakojoa kama mzee."

Alisema kweli. Maji yalikuwa yanatoka matone matatu matatu, halafu uzi, halafu matone. Nje tenki lilikuwa limejaa. Usawa wa maji yake haukufika mita 2 juu ya sinki, na bomba la kupeleka ndani lilikuwa jembamba lenye kona nyingi. Tuliufungua mdomo wa kirefusho kwa vidole, tukatoa kipande cha plastiki chenye matundu, kisha wavu, kisha kingine cha plastiki chenye nyota katikati. Maji yakatoka. Hayakuwa ya kupiga karoti za pichani, lakini yalitoka, na shangazi akacheka kwa sababu kitu cha gharama kilikuwa kimeanza kufanya kazi baada ya kutolewa matumbo.

Tangu hapo nilikuwa nawaambia wateja wafanye jaribio kabla ya kununua chochote. Chukua jagi la lita 1, liweke chini ya bomba jinsi lilivyo sasa, fungua hadi mwisho, hesabu sekunde. Likijaa kwa sekunde 10 unapata lita 6 kwa dakika, na ndoo ya lita 20 itakuchukua dakika tatu na ushee. Hiyo inavumilika. Likichukua nusu dakika, ndoo yako itakula dakika 10, na hakuna kirefusho duniani kitakachoipunguza. Kitaongeza tu. Rudia jaribio hilo Agosti tenki likiwa robo, maana maji yakishuka nguvu nayo inashuka. Mwenye maji hafifu namna hiyo anahitaji kimoja kati ya viwili: mpira mpana usio na kichujio, au tenki kuinuliwa. Kuinua nako kuna masharti. Lita 2,000 ni tani 2, na nimeona jukwaa la miti ya mikaratusi limelalia upande kama mlevi baada ya masika moja. Subiri kiangazi, tenki likiwa tupu, mwite fundi ajenge nguzo za zege au matofali ya kuchoma.

Kuna upande wa pili ambao watu wa mjini Kayanga wameanza kuujua. Kayanga imo katika ule mradi wa maji wa miji 28 uliosainiwa mwaka 2022 kwa mkopo wa India, na chanzo cha maji ya Kayanga ni Ziwa Rwakajunju. Maji ya kusukumwa kwa mashine hayana upole wa tenki la nyumbani. Kirefusho kilichokuwa kinadondosha matone jana kinaweza kuruka kikatua kabatini, hasa vile vyenye kitufe cha kufungia maji kwenye ncha. Ukifunga ncha na kuacha bomba lenyewe wazi, nguvu yote inabaki ndani ya viungo vya kirefusho usiku kucha. Basi mwenye maji ya namna hiyo achukue chenye viungo vichache, na afungie maji kwenye bomba siku zote.

Swali langu la pili lilikuwa: mdomo wa bomba uko wapi? Hapo ndipo tulipopoteza wateja wengi, kwa sababu mtu ametoka Isingiro au Mabira kwa bodaboda, unamwambia arudi akafungue mdomo wa bomba aulete. Mama mmoja tu ndiye aliyekuja ameshajiandaa. Aliweka kikapu chini, akafungua fundo la kitenge chake, na ndani, pamoja na pesa, kulikuwa na kile kipete cha mdomoni, bado kina tope la kijani. Nilikishika na kukigeuza. Tredi zilikuwa nje, yaani kipete kiliingia ndani ya bomba lake. Nikapima kwa rula ya shule: milimita 24 kasoro kidogo.

Hiyo ndiyo saizi ya kawaida kwa mabomba ya sinki ambayo tredi zake ziko ndani. Mabomba ambayo tredi ziko nje ya mdomo, kipete kikayavaa kama kofia, huwa ya 22. Milimita 2 ni kitu kidogo sana kwa macho, lakini ukilazimisha utakata tredi na bomba zima limekwenda. Virefusho vizuri huja na pete ya kubadilishia, upande mmoja 24, mwingine 22, na ukikuta kisicho na pete hiyo, bei yake lazima iwe rahisi sana. Mabomba ya uani, yale yenye pua, ni ya nusu inchi au robo tatu, na hayo hayakubali chochote cha jikoni bila kiungio chake. Na kuna mabomba mengi ya bei ya chini yasiyo na tredi hata moja, mdomo mtupu laini. Hayo yanataka kirefusho cha mpira kinachovalishwa na kukazwa kwa klipu ya chuma yenye skrubu. Si kizuri kwa macho. Kinafanya kazi.

Mama yule nilimpa chake, nikamwongezea washa moja. Akaniomba na tredi tepu, ile nyeupe, kwa sababu fundi wake alimwambia kila kitu cha maji kinafungwa kwa tepu. Nilimwambia aiache. Tepu ni ya mabomba ya inchi yenye tredi nene. Mdomo wa bomba la sinki una tredi nyembamba, na kinachozuia maji pale ni washa ya mpira iliyokaa bapa. Ukizungusha tepu, kirefusho kinaingia upande, kinavuja, halafu fundi anaongeza tepu nyingine.

Kuhusu chuma na plastiki sina maneno mengi: kiweke kiganjani. Vyote vinang'aa, kwa sababu vyote vimepakwa rangi ile ile ya fedha. Cha brasi kina uzito unaokushtua kidogo. Cha plastiki ni chepesi kama kifuniko cha kalamu na hupasuka shingoni, pale kinapokazwa, kwa kawaida mtu akikikaza kwa plaizi. Kaza kwa mkono. Ila uzito nao una kesi yake. Mkono mrefu wa brasi wenye magoti mawili, uliofungwa kwenye bomba dogo lililosimama juu ya sinki la bati jembamba, unakuwa kama wenzo. Kila anayeuvuta anatikisa bomba zima chini, mpaka nati ya chini ya sinki inalegea na maji yanaingia kabatini kimya kimya, kwenye unga. Kabla ya kununua, shika bomba lako ulisukume. Likicheza, rekebisha hilo kwanza.

Mjomba alikuwa hapendi nilivyokuwa nawageuza wateja waliotaka kirefusho nikawauzia bomba jipya. Lakini mara nyingi hiyo ndiyo ilikuwa dawa. Bomba lenye shingo ndefu iliyopinda juu, linaloweza kuzungushwa pembeni, linatatua shida ya sufuria kubwa bila kiungo cha ziada cha kuvuja, na kirefusho kizuri cha brasi bei yake haiko mbali nalo. Kirefusho kina maana zaidi kwa mpangaji asiyeruhusiwa kubadilisha bomba la mwenye nyumba, au kwa anayetaka maji yafike sakafuni kwenye dumu. Mpangaji akihama anakifungua na kuondoka nacho.

Huyo wa dumu ndiye niliyemwogopea zaidi. Yeye hununua mpira wa mita 1, anauchomeka mdomoni mwa bomba, anautumbukiza ndani ya dumu hadi chini, anakwenda kumenya ndizi. Wenyeji wa milimani wafikirie hili: nyumba yako iko juu, ya jirani iko chini kwenye bomba hilo hilo. Maji yakikatika ghafla na jirani akafungua la kwake, maji yaliyobaki kwenye bomba yanashuka kwenda kwake, na nyuma yake yanavuta chochote kilichogusana na ncha ya mpira wako. Kama ni dumu safi, jirani amepata maji yako. Kama ni beseni la vyombo vilivyolowekwa, amepata ukoko. Ndiyo maana mafundi hutaka ncha ya bomba ibaki hewani, juu ya ukingo wa chombo, kwa nafasi isiyopungua mara mbili ya upana wa mdomo wake. Kwa hiyo ukichagua urefu, chagua unaoishia juu ya dumu. Tulikuwa tunamkatia mteja mpira pale pale dukani, na wengi walilalamika kwamba nimewapunja.

Mwezi Machi 2023 watu wa mkoa wetu wa Kagera waliacha kulalamika kuhusu vitu kama hivyo. Ugonjwa wa Marburg ulitangazwa Bukoba Vijijini, na kabla haujatangazwa kwisha Juni watu sita walikuwa wamefariki. Haukufika kwetu Karagwe wala Kyerwa, lakini ndoo za kunawia zenye koki zilisimama kwenye kila mlango, na koki za ndoo zilikwisha madukani mapema kuliko sukari. Januari 2025 ukatangazwa tena, safari hii Biharamulo, na ndoo zikatoka stoo. Nakumbuka nikizilinganisha na kibuyu chirizi cha shuleni, dumu dogo lililotundikwa kwenye mti na kamba ya kukanyagia. Uzuri wake ni kwamba mkono mchafu haugusi kitu, unakanyaga tu. Virefusho vingi vya jikoni vina kitufe kwenye ncha cha kubadilisha manyunyu, na anayemenya ndizi mikono yake imejaa utomvu. Baada ya mwezi mmoja kitufe kinakuwa cheusi, kinanata, na hakibonyezeki tena. Mwenye kupika matoke kila siku namshauri achukue kisicho na kitufe.

Vya watoto, vile vya mpira laini wenye umbo la mdomo wa bata, vina kazi moja: kuleta maji karibu na mtoto anawe mikono mwenyewe. Ni vizuri kama sinki liko chini kiasi. Kama mtoto hafikii hata koki, kigoda kitamsaidia zaidi, na Karagwe hatujakosa maseremala.

Biashara ya vitu hivi ilikuwa na msimu wake, na haukuwa ule ambao mjomba aliutegemea. Alidhani watanunua kahawa ikiuzwa, pesa zikiwa mkononi. Walikuja Septemba, mvua za kwanza zikishuka. Mabati yamekaa kiangazi kizima yakikusanya vumbi jekundu la barabarani, majani na vinyesi vya ndege, na mvua ya kwanza inayaosha yote kuyaingiza tenkini. Siku mbili baadaye wavu wa kirefusho umeziba. Mtu anaingia dukani, anakitupa kaunta, anasema kimekufa, nipe kingine. Nilikuwa nakifungua, nakigonga kwenye ubao mpaka udongo mwekundu unamwagika, naupitisha wavu kwenye kikombe cha maji, na ukiwa na ukoko wa kutu nauloweka kwenye ndimu. Namrudishia pamoja na ushauri wa kuligeuza bomba la kuingizia maji tenkini lielekee nje mvua ya kwanza inaponyesha. Wengi walishukuru wakaondoka. Wachache walikitazama, wakatazama kile kipya kinachoning'inia mbele ya kaunta, wakanunua hicho, na mjomba hakuwazuia.